Koleo Halishiki, Mkasi Haukati: Kusoma Dalili za Vyombo Vyembamba vya Upasuaji Kabla ya Kuagiza Vipya

Mwezi hauishi kabla mtu hajaleta mezani kwangu, hapa Kisumu, ombi la kununuliwa vyombo vipya vya upasuaji mdogo, na karibu kila mara ombi hilo huwa na maneno mawili tu: "Makoleo yameharibika." Yameharibika vipi, halisemi. Vinaagizwa vyombo vya aina ileile, vinatumiwa kwa namna ileile, na baada ya miezi michache ombi hilohilo linarudi. Nimeifanya kazi hii kwa miaka mingi, nikipasua mbu kutafuta vimelea vya malaria kwenye tezi za mate, nikifungua konokono wanaobeba kichocho, nikitoa vijiwe vya masikio ya ngege ili umri wa samaki uhesabiwe, na nimesadiki jambo moja: jeraha la chombo cha zamani ndilo linalokuambia chombo kipya kiwe cha namna gani. Anayekitupa kabla ya kulisoma jeraha hilo ananunua akiwa amefumba macho.

Katika maelezo haya, koleo ni kile ambacho wengi wetu maabarani hukiita fosepsi. Nitaanza na dalili unayoiona, nishuke kwenye chanzo chake, kisha nieleze kinachofaa kununuliwa, kama kweli kuna haja ya kununua.

Mwaka jana kijana mmoja wa maabara ya jirani alinijia na koleo lililofungwa kwa karatasi ya shashi. "Mwalimu," akaniambia, "hili halishiki kitu, na ni la tatu tangu Januari." Nilimwomba anionyeshe yote matatu, bahati nzuri hakuwa ameyatupa. Nitarudi kwake mara kwa mara, kwa sababu makoleo yake matatu yalikuwa na takriban kila kosa ninalotaka kulieleza.

Kuangalia kabla ya kuhukumu

Osha chombo, kikaushe, kisha kiweke chini ya hadubini ya kupasulia kwa ukuzaji wa mara 20 hadi 40. Jicho tupu halitoshi. Ncha ya koleo la kawaida la namba 5 lililonyooka lina upana wa milimita 0.1 na unene wa milimita 0.06, yaani karibu sawa na unywele wa mtu, na ile iliyochongwa kwa kazi za biolojia hufika milimita 0.05 kwa 0.02. Mkunjo unaotosha kuharibu kazi ya siku nzima hauonekani kwa jicho.

Funga koleo polepole kwa nguvu ileile unayotumia kazini, si zaidi. Kwenye koleo zima, ncha hukutana kwanza mwishoni kabisa, na ukiongeza nguvu kidogo mgusano unarudi nyuma kuelekea kiganjani. Litazame kutoka mbele, kisha lizungushe robo mzunguko ulitazame kutoka ubavuni, kwa sababu kosa lisiloonekana upande mmoja huwa wazi upande mwingine. Jaribio la mwisho halina gharama: shika unywele mmoja wa mkononi mwako na uuvute. Ukiteleza, koleo lina kasoro, hata kama linang'aa.

Ncha zimejikunja kama ndoano

Hili ndilo jeraha la kawaida kuliko yote, na koleo la kwanza la yule kijana lilikuwa nalo. Ncha moja ilikuwa imepinda kuelekea ndani, kwa hiyo kila aliposhika tishu ile ndoano ilichana utando na kubaki na nyuzi zake.

Watu hudhani kwamba ndoano hutokana na kuanguka. Ni kweli kuanguka mara moja kunatosha, lakini yaliyoanguka huwa yamepinda vibaya kiasi kwamba mwenyewe anajua siku na saa. Ndoano ndogo inayokuja taratibu hutokana na ncha kugonga kioo: sehemu ya chini ya kisahani, kipande cha kioo cha hadubini, au kitako cha bika ambamo makoleo husimamishwa ncha zikiwa chini. Ukitaka kujua ni kipi, linganisha makoleo ya watu kadhaa wa meza moja. Yakiwa yote yamepinda upande mmoja na kwa pembe inayofanana, chanzo ni sahani ya kazi. Yakiwa yamepinda kila moja kivyake, tazama namna yanavyohifadhiwa.

Kwa kazi ya kwenye kisahani, dawa yake haihitaji koleo jipya. Mimina nta au silikoni laini chini ya kisahani iwe kama godoro, kisha bana kielelezo juu yake kwa pini nyembamba. Ncha itakayoteleza itazama kwenye nta badala ya kujigonga. Rangi nyeusi inasaidia, kwa sababu tishu nyeupe huonekana vizuri juu yake.

Kazi ya mbu ni tofauti, na hapa ndipo uchaguzi unapoingia. Tezi za mate hutolewa juu ya kioo kitupu, ndani ya tone la maji ya chumvi: unakishikilia kifua cha mbu kwa chombo kimoja, na kwa kingine unakivuta kichwa polepole hadi tezi, kila moja na ndewe zake tatu, zitoke zikiwa zimeshikamana nacho. Ovari nazo hutolewa kwa kuvuta pingili za mwisho za tumbo. Hakuna mahali pa kuweka nta, kwa sababu kioo hicho hicho kitaenda chini ya hadubini nyingine. Kwa hiyo usitumie ncha ya milimita 0.05 kwa kazi ambayo sindano inaweza kuifanya vizuri zaidi. Sindano nyembamba ya kudunga iliyofungwa kwenye mpini wa sirinji, au pini ya wadudu iliyoshindiliwa kwenye kijiti, hufanya kazi hii vizuri, na ikipinda unaitupa bila huzuni. Kijana wangu alikuwa akitumia koleo bora kuliko yote maabarani mwao kukwaruza kioo kutoka asubuhi hadi jioni.

Ncha zinapishana

Koleo la pili halikuwa na ndoano. Mikono yake miwili ilikuwa imepishana, moja juu ya nyingine, kama mtu aliyekunja miguu. Chanzo cha kupishana ni nguvu ya ubavuni: kutumia koleo kama mtaimbo. Watu hulitumia kunyanyua kifuniko cha kioo, kubandua lebo, kufungua kibomba cha sampuli, au kuvunja gamba la konokono. Gamba ni kalisi kabonati, nalo halikuumbwa kupasuliwa na chuma chembamba kama unywele. Konokono apondwe kati ya vioo viwili vinene, au kwa koleo nene ambalo maabara inalitenga kwa kazi hiyo tu, ndipo lile jembamba liingie kuchambua nyama.

Kuna kupishana kwingine ambako mtumiaji hana hatia. Koleo likitoka kwenye pakiti siku ya kwanza likiwa linapishana, au likipishana ukibana kwa nguvu ndogo tu, basi mikono yake miwili haikuunganishwa sawasawa nyuma, au mmoja ni mkakamavu kuliko mwenzake. Hilo halinyooshwi. Lirudishwe lilikotoka siku hiyohiyo, na ndiyo sababu ninasisitiza vyombo vikaguliwe vinapowasili, wala visikae kabatini hadi muda wa kurudisha upite.

Ndoano ndogo na kupishana kidogo vinaweza kurekebishwa. Ninatumia jiwe laini la kunolea, au msasa wa maji kuanzia namba 2000 kwenda juu uliobandikwa juu ya kioo bapa, pamoja na tone la mafuta mepesi, na kila hatua naifanya chini ya hadubini. Funga ncha kwa wepesi, nyoosha upande wa nje kwa mikwaruzo mifupi inayoelekea mwisho wa ncha, kisha pitisha msasa mara moja au mbili upande wa ndani ili kuondoa makombo ya chuma. Ujue tu kwamba koleo huwa jembamba mwishoni na nene kadiri unavyorudi nyuma, kwa hiyo kila ukilinoa unalifanya kuwa butu zaidi. Baada ya kulinoa mara tatu au nne, koleo langu hushuka cheo: huhama kutoka kwenye ovari na kwenda kushika pamba.

Ncha zinafunguka ukizidi kubana

Hapa koleo hushika vizuri kwa nguvu ndogo, lakini ukibana zaidi ncha zinaachana na tishu inaponyoka. Wengi huona hii ni kasoro, lakini ni maumbile ya chombo. Mikono myembamba inapobanwa kupita kiasi hupinda katikati, na ncha hutanuka kwa nje. Dalili hii inasema kazi yako inahitaji koleo lenye shina nene au ncha pana, wala haisemi ununue jingine la aina hiyohiyo lililo ghali zaidi.

Wakati wa kuagiza, watu wengi hushikwa na mtego wa namba. Namba za makoleo ya Dumont, yanayotengenezwa Uswisi na kuigwa duniani kote, ni majina ya maumbo. Hazipimi ubora, wala namba kubwa haimaanishi ncha nyembamba. Namba 5 limenyooka, namba 7 limejipinda kama upinde, namba 55 limenyooka lakini ni jembamba zaidi kuelekea nchani. Niliwahi kuona ombi lililoomba "namba 7 kwa sababu 5 haitoshi", na vilipofika ikabidi maabara nzima ijifunze kufanya kazi na ncha zilizopinda ambazo hakuna aliyezihitaji.

Ncha imekatika

Chuma kigumu hukatika na chuma laini hupinda. Ukijua lililotokea, umejua chuma ulicho nacho, na unaweza kuamua kama unakitaka tena.

Chuma cha kaboni ndicho kigumu zaidi na hukubali ncha kali sana, lakini hushika kutu upesi na hakivumilii mvuke. Inox ni chuma cha pua kisichoshika kutu kwa urahisi, kigumu kiasi cha kutosha, kinachovumilia otoklevu (jungu la mvuke wa shinikizo la kuulia vijidudu), ila hunaswa na sumaku. Dumoxel ni aloi, yaani mchanganyiko wa metali, laini kidogo kuliko Inox, kwa hiyo hupinda kabla ya kukatika, na hustahimili chumvi na asidi vizuri zaidi. Dumostar huunganisha ugumu na ustahimilivu huo wa kutu, nayo hainaswi na sumaku, lakini bei yake inahitaji mtu aweze kuitetea mbele ya mhasibu. Titani ni nyepesi, karibu asilimia 40 pungufu ya uzito wa chuma cha pua kwa ujazo uleule, haishiki kutu wala sumaku, ila ni laini kuliko vyuma vilivyokazwa, na ncha zake hupinda mikononi mwa mwanafunzi.

Kwa anayejifunza, mimi hununua Dumoxel. Ncha iliyopinda inaweza kunyooshwa, lakini ile iliyokatika imekwisha.

Chanzo kingine cha kukatika kinaumiza moyo kwa sababu ni cha kujitakia: moto. Mwanzoni mwa kazi yangu nilifundishwa kuua vijidudu kwenye kitanzi cha waya kwa kukipitisha kwenye ndimi za moto, na bila kufikiri nikafanya vivyo hivyo na koleo jembamba. Ncha zilibadilika rangi, kwanza manjano ya majani makavu, halafu zambarau, mwisho buluu. Rangi hizo ni tabaka la oksidi, na maana yake ni kwamba ugumu uliowekwa kiwandani kwa kukaza chuma umevurugwa. Baada ya hapo ncha hukosa msimamo: huenda ikalegea kama waya, huenda ikavunjika. Ukiona buluu nchani, usiulize chanzo kingine. Kati ya mbu mmoja na mwingine, kifutio kilicholowekwa kwenye ethanoli ya 70% kinatosha kwa usafi wa kawaida, ingawa ethanoli haiui mbegu za bakteria.

Pini zinaganda kwenye koleo

Unaiweka pini ndogo ya chuma mahali pake, unaondoa mkono, nayo inafuata koleo. Koleo limeshika usumaku, na hutokea kwa Inox na chuma cha kaboni vikiwekwa karibu na sumaku za droo au za mashine za kukorogea. Kifaa kidogo cha kuondolea usumaku, ambacho mafundi wa saa nao hukitumia, humaliza tatizo kwa dakika moja. Likijirudia kila wiki, agizo linalofuata liwe la Dumoxel, Dumostar au titani.

Mkasi unatafuna

Lowesha karatasi moja ya shashi, inyooshe, na ukate kwa urefu wote wa makali hadi mwisho wa ncha. Mkasi mzima hukata mstari safi. Ulioharibika utakuonyesha mahali ulipoumia: ukikunja karatasi katikati ya makali, ni butu au egemeo limelegea, ukikata vizuri kisha ukakwama mwishoni, ncha zimepigwa au zimepishana, ukikata lakini karatasi ikasukumwa mbele kabla ya kukatika, makali ni mazima ila ni laini mno kwa kitu chenye utelezi, na kwa hilo kuna mikasi ambayo wembe mmoja una vijimeno vidogo vya kushikilia tishu.

Mikasi ya springi, hasa ile ya umbo la Vannas yenye makali ya milimita chache tu, ndiyo inayouawa zaidi. Imetengenezwa kukata utando, mishipa midogo na tishu laini. Haikati uzi, karatasi ya kuchujia, ngozi, mwiba wa samaki wala mfupa. Nimeona mkasi wa namna hiyo ukifungua fuvu la ngege ili kutoa kijiwe cha sikio, na mara moja hiyo ilitosha. Fuvu hufunguliwa kwa mkasi mzito au kisu, na mkasi mwembamba huingia baadaye, kama kweli unahitajika. Kila meza inapaswa kuwa na angalau mikasi mitatu: mmoja wa ngozi na vitu vigumu, mmoja wa kati wa nyama, na mmoja wa springi ambao mwenyewe anajua uko wapi saa yoyote. Maabara ikiwa na fedha za mkasi mmoja tu, inunue ule mzito kwanza. Mwembamba ukitumiwa mahali pa mzito utakufa, na fedha zitakuwa zimekwenda bure.

Mikasi yenye vishikio vya rangi ya dhahabu kwa kawaida ina makali ya tangsteni kabaidi, ambayo hukaa na ukali muda mrefu zaidi lakini huvunjika kipande ikianguka au ikikata chuma. Anayetumia mkono wa kushoto asilazimishwe kutumia mkasi wa vishikio vya mviringo uliotengenezwa kwa mkono wa kulia, kwa sababu shinikizo la kidole gumba chake huzitenganisha nyembe badala ya kuzibana, na atalaumiwa kwa mkasi "butu" ambao kwa mwingine unakata vizuri.

Madoa, kutu, na maji tunayotumia

Chuma cha pua hakishiki kutu kwa sababu kromiamu iliyomo hutengeneza utando mwembamba wa oksidi juu yake. Utando huo ukivunjwa, chuma hurudi kuwa chuma. Adui yake mkubwa ni kloridi, na maabara zetu zimejaa kloridi: maji ya chumvi ya 0.9%, damu, na juu ya yote dawa ya klorini.

Kwanza tofautisha doa na kutu. Sugua sehemu hiyo kwa raba ya kufutia penseli. Doa likitoka na chuma cha chini kikawa laini, lilikuwa doa tu. Kikibaki kishimo, hata kidogo, hiyo ni kutu iliyokwisha kula, na chombo hicho kitengwe mara moja, maana chembe zake huhamia kwa wenzake ndani ya sinia moja na kuwachafua.

Koleo la tatu la yule kijana lilikuwa na vishimo. Nilimuuliza jinsi anavyolisafisha kati ya mbu na mbu, akaniambia kwamba kwa sababu sampuli zao zinakwenda kupimwa DNA, hulichovya kwenye Jik iliyochanganywa na maji ili mabaki ya mbu mmoja yasihesabiwe kwa mwingine. Sababu yake ilikuwa sahihi, na sitamshauri mtu aache kujikinga na uchafuzi wa namna hiyo. Kosa lilikuwa kuliacha koleo humo akiandika lebo, wakati mwingine hadi saa ya chakula. Klorini iguse ncha kwa sekunde chache, kisha ncha isuuzwe papo hapo kwa maji yaliyotoneshwa, ifuate ethanoli, halafu ikaushwe. Na kama kazi yenyewe inadai hivyo mara mia kwa siku, Inox siyo chuma chake. Ama nunua Dumostar au titani, ama panga makoleo mengi ya bei ndogo ambayo utayabadilisha ukijua kwamba utayabadilisha.

Maji ya mwisho ya kusuuzia ni jambo ambalo watu hulipuuza. Maji ya bomba ya hapa Kisumu hutiwa klorini kabla ya kutufikia. Mwenzangu wa Nakuru alikuwa na tatizo jingine: vyombo vyake vilitoka kwenye otoklevu vikiwa na alama nyeupe za matone, naye akadhani ni sabuni. Maji ya visima vya Bonde la Ufa yamebeba madini mengi yaliyoyeyuka, pamoja na floridi inayojulikana kwa kuchafua meno ya watu wa huko, na tone likikauka juu ya chuma huacha madini hayo nyuma. Alipoanza kusuuza kwa maji yaliyotoneshwa na kuyatumia hayo hayo ndani ya otoklevu, alama zilikoma. Hakununua chochote.

Chanzo kingine ni stima. Umeme ukikatika katikati ya mzunguko, vyombo hubaki ndani vikiwa vimelowa, na mtu anaviacha hadi asubuhi akisubiri urudi. Usiku mmoja wa unyevu wa moto unatosha kuanzisha kutu kwenye egemeo la mkasi. Shinikizo likishashuka lenyewe na kifuniko kikafunguka salama, vitoe, vikaushe, na uanze upya baadaye.

Mashine ya kuoshea kwa mitetemo ni nzuri kwa damu iliyokauka ndani ya maegemeo, kwa dakika 5 hadi 10 na sabuni isiyo na asidi wala magadi, mradi ncha hazigusani. Nimewahi kuona makoleo sita yaliyotupwa humo kwa pamoja yakitoka kama uma zilizopigana. Egemeo lipakwe kilainishi kinachoyeyuka katika maji, kisiwe mafuta ya cherehani, kwa sababu mafuta huzuia mvuke kufika kwenye chuma.

Vyombo vimepikwa lakini uchafu bado unaota

Ukikuza seli maabarani, au ukimfanyia panya upasuaji ambao anapaswa kubaki hai baada yake, na vijidudu vikaendelea kutokea, usiharakishe kulaumu vyombo. Wengi wetu tunatumia otoklevu za jungu zenye kipimo cha shinikizo pekee, na maelekezo yanasema paundi 15 kwa inchi ya mraba ni sawa na nyuzi 121 za Selsiasi. Hiyo ni kweli usawa wa bahari. Kisumu iko zaidi ya mita 1,100 juu ya bahari, na Nakuru karibu mita 1,850. Hewa inayoanza kuongezewa shinikizo huko ni nyepesi, kwa hiyo paundi 15 za kipimo hukupa takriban nyuzi 119 Kisumu na karibu 118 Nakuru. Ongeza nusu paundi kwa kila mita 300, yaani karibu paundi 17 hapa na 18 Nakuru, ikiwa jungu lako limeruhusiwa kufika huko. La sivyo, ongeza muda na uthibitishe kwa vipande vya kupimia. Kuchemsha sufuriani kusihesabiwe kabisa kuwa kuua vijidudu, maana maji ya Nakuru huchemka kwenye nyuzi 94 hivi.

Ninalitaja hapa kwa sababu nimeona vyombo vizima vikitupwa, na vingine vikiunguzwa kwa moto wazi, kwa kosa ambalo lilikuwa la kipimo.

Mkono unatetemeka na macho yanauma

Springi ngumu huchosha kidole kabla ya saa moja. Jaribu koleo la springi laini au la titani, na uegemeze kiganja mezani. Mng'ao unaokupiga machoni hutokana na chuma kilichosuguliwa kama kioo, kwa hiyo agiza chenye uso usiong'aa.

Kuandika ombi na kupokea mzigo

Kwa kila chombo, andika kazi yenyewe, umbo, urefu, ukubwa wa ncha kwa milimita, chuma, na namna kitakavyosafishwa na kuuliwa vijidudu. Mwuzaji anayeulizwa kwa milimita hujibu kwa milimita. Anayeulizwa "koleo zuri" huleta alilo nalo. Neno la kutoshika kutu lililogongwa kwenye chuma halikuhakikishii lolote, wala nchi ya asili peke yake. Sialkot ya Pakistan hutoa vyombo vya hospitali kwa wingi mkubwa, vingine vizuri sana na vingine vya kukatia uzi wa kushonea tu, kama ambavyo Tuttlingen ya Ujerumani ina jina la zaidi ya karne moja lakini jina hilo huigwa na watu wasio na haya.

Kwa hiyo pima. Chukua kimoja kutoka kwenye mzigo, kioshe, kichemshe kwenye maji yaliyotoneshwa kwa nusu saa, kiache ndani ya maji hayo kwa saa tatu, kisha kikauke hewani kwa saa mbili. Kikitoa madoa ya kutu yasiyofutika, rudisha mzigo wote. Vilivyobaki vitazamwe nchani, kimoja kimoja, na mpira wa kukinga ncha urudishwe mahali pake kabla chombo hakijawekwa chini.

Yule kijana aliandika upya ombi lake papo hapo mezani kwangu. Aliomba koleo moja la Dumostar namba 5 kwa ajili ya ovari na DNA, sindano za kutosha mwezi kwa ajili ya tezi za mate, koleo moja nene la konokono, na kilo moja ya nta. Mhasibu alishangaa kwamba jumla ilikuwa ndogo kuliko ya makoleo matatu ya awali, akampigia simu kuuliza kama hakuna kitu alichosahau.